Acheni Kiazi Jikoni

Swali ni lile lile, mwulizaji ndiye anayebadilika. Safari hii limetoka kwa msomaji anayeishi Uingereza, aliyemtunza mzee mmoja mpaka siku zake za mwisho, na mzee akamwachia picha ya ukutani: bwana wa mashambani mwenye wigi la kijivu na koti la rangi ya tumbaku, mkono mmoja ameuingiza ndani ya kizibao, nyuma yake mti mkubwa na anga lililogeuka manjano. Saini hakuna.

"Fundi, shikamoo. Naambiwa picha hii ni ya miaka ya 1760. Imefubaa, kinachoonekana vizuri ni uso tu, nao umepauka kama wa mgonjwa. Nimeona video mtu anasugua picha ya namna hii kwa kiazi kibichi, uchafu wote ukatoka. Nitumie kiazi cha aina gani?"

Marahaba. Cha aina yoyote, mradi ukimenye, ukikaange, ukile. Picha usiiguse.

Huyu simlaumu, kwa sababu ameuliza kabla ya kusugua. Wengi huja baada ya kusugua, na hapo swali linakuwa lingine: ule ukungu mweupe unatolewaje? Wengine hawajatumia kiazi, wametumia kitunguu, au mkate, au limau, au sabuni ya vyombo, au mafuta ya nazi "ili rangi irudi kung'aa". Mafuta ya nazi, kwa taarifa yenu, hayakauki. Yatabaki hapo yakinasa vumbi la nyumba nzima mpaka atokee mtu wa kulipwa ayaondoe. Lakini mfalme wa tiba hizi za uchochoroni ni kiazi, basi nishughulike na kiazi.

Video zenyewe hazidanganyi. Zinakatishwa mapema tu. Vanishi ya zamani imejaa nyufa ndogo mno, na nyufa hizo hutawanya mwanga, ndiyo maana picha huonekana ina vumbi hata baada ya kupanguswa. Ukiilowesha kwa chochote kile, maji au bia, unyevu hujaza nyufa na rangi hujitokeza, nzito na angavu, koti la bwana linarudi kuwa koti. Hapo ndipo kamera inapozimwa. Baada ya muda mfupi maji yamekauka, nyufa zimefunguka tena, na sasa zina wanga ndani yake. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga. Dawa ya siri hakina. Kusugua picha kwa kiazi ni kuipaka maji na uji.

Na ule weusi unaoonekana kwenye kipande cha kiazi? Ni masizi ya mishumaa na makaa, moshi wa tumbaku, grisi ya vidole. Unatoka, ndiyo, kidogo, kama ambavyo ungetoka kwa maji matupu. Sikatai kwamba kuna kitu kimetoka. Ninachouliza ni kitu gani kimeingia. Wanga ni chakula, na walaji wake ni kuvu na mende. Katika nyumba ya pwani yenye joto na unyevu, kuvu haitasubiri mwaliko.

Hayo ni ya juu juu. Balaa lenyewe liko chini. Chini ya rangi kuna tabaka la msingi, chini yake gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, na chini kabisa turubai la kitani. Maji yakipenya kwenye ufa huifikia gundi, nayo huvimba. Yakilifikia turubai, hulinywesha mpaka linywee. Rangi ya mafuta iliyokaa miaka 250 hainyumbuki tena, kwa hiyo inafanya jambo moja tu inaloliweza: inapasuka na kuinua kingo zake, kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Kisha wewe unapitisha kiazi juu ya kingo hizo, mbele na nyuma, kwa nguvu za mtu anayesugua sufuria. Nimewahi kupokea bahasha ambamo mwenye picha alihifadhi, kwa heshima zote, vipande vilivyodondoka. Nilivipanga chini ya hadubini. Kimoja kilikuwa na nusu ya kifungo cha kizibao, nyuzi za dhahabu zimechorwa kwa mipigo mitatu ya brashi nyembamba. Nusu ya pili hatukuiona. Pengine ilikwenda na maganda.

Kuna jingine ambalo wapenda kiazi hawalijui, maana halionekani kwa mbele. Picha nyingi za karne ya 18 zilizobaki si turubai moja tena. Karne ya 19 mafundi walizibandika juu ya turubai la pili ili kuzipa nguvu, na gundi waliyotumia mara nyingi ilikuwa uji wa unga wa ngano uliochanganywa na gundi ya wanyama, ukapigwa pasi ya moto. Geuza picha yako uitazame mgongoni: ukiona kitambaa kinachoonekana kipya kuliko fremu, na kingo zimezungushiwa karatasi, huenda ndivyo ilivyo. Sasa fikiria umeimwagia maji. Uji ule unalainika upya, matabaka yanaachana, na bwana wetu anatoka malengelenge usoni.

Hapo mwulizaji hodari hunikatiza. "Lakini wa zamani walitumia!" Kweli, walitumia. Mwaka 1625 michoro ya Michelangelo katika kanisa la Sistine kule Vatikani ilisafishwa kwa vitambaa na mkate. Tofauti ni kwamba ile ni michoro ya ukutani, rangi imenyonywa na chokaa mbichi ikawa sehemu ya ukuta, na ukuta haunywei. Hata hivyo sikushauri uende Roma na boflo. Vitabu vya ufundi vya nyakati zile vilitaja pia majivu, sabuni na mkojo kwa picha za mafuta, na athari zake tunaziona mpaka leo: nyuso zilizokwanguka mpaka nyuzi za turubai zinachungulia kwenye paji la uso. Wa zamani walitumia, nasi ndio tunaokarabati walichokitumia.

"Lakini nyinyi wenyewe mnatumia mate!" Hili wananiletea kwa tabasamu, kama mtu aliyemkamata mwizi. Tunatumia. Mwaka 1990 Paula Romão na wenzake wa Ureno walichapisha utafiti wakionyesha kwamba mate ya binadamu husafisha vizuri nyuso fulani zilizochafuka, sababu kuu ikiwa ni vimeng'enya vinavyovunja uchafu, na mwaka 2018 kazi hiyo ikawapa tuzo ya Ig Nobel, ile inayowachekesha watu kwanza kabla ya kuwafikirisha. Sasa angalieni tunavyofanya. Nachukua kijiti chembamba, nazungusha pamba nchani isizidi punje ya mchele, nailowesha kidogo. Naiviringisha juu ya eneo la ukubwa wa ukucha, siisugui. Naitazama pamba. Ikiwa ya kijivu, huo ni uchafu. Ikiwa ya manjano, nimeifikia vanishi. Ikiwa na chembe ya nyekundu, buluu au kahawia, nasimama hapo hapo, kwa sababu ninachokiondoa sasa ni mchoro. Kisha nafuta mabaki na kuhamia ukucha mwingine. Koti moja linaweza kula wiki. Anayesema "mnatumia mate, basi kiazi ni sawa" hajui tunachokipima.

Nisichokivumilia zaidi ni dhana iliyo nyuma ya kiazi: kwamba kila cheusi kwenye picha ya kale ni uchafu, na kwamba chini yake anakaa bwana mpya, mwekundu wa mashavu, anayesubiri kuoshwa. Si hivyo, na kwa picha za Kiingereza za wakati ule si hivyo hata kidogo.

Mfikirieni Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa chuo cha sanaa cha Uingereza, Royal Academy, kilichoanzishwa mwaka 1768, mtu aliyechorea nusu ya wakubwa wa Uingereza. Alikuwa mchoraji mkubwa na mpishi mbaya. Alitaka rangi zenye kina kama za mabingwa wa Venisi, na akazitafuta kwa njia za mkato: alichanganya mafuta ya kitani na utomvu wa mastiki mpaka ikawa jeli, akaongeza nta, akapaka vanishi katikati ya matabaka, akatumia lami kwenye sehemu za giza. Lami haikauki sawasawa. Miaka inapita, inajikusanya, na koti linapasuka mipasuko mipana inayoonyesha rangi ya chini. Kwa mashavu alipenda rangi nyekundu inayotokana na kidudu cha kochinili, nzuri ajabu siku ya kwanza, ila mwanga huila. Wateja walianza kupauka ukutani wakiwa bado hai mezani. Mwandishi Horace Walpole alipendekeza kwa kejeli kwamba Reynolds alipwe kwa mwaka, kwa muda wote ambao picha bado ipo.

Basi ndugu yangu, uso wa bwana wako kupauka si ugonjwa, wala si uchafu. Kama mchoraji wake alikuwa na mazoea kama ya Reynolds, na wengi walimwiga, wekundu ule umekwisha. Haupo chini ya kitu. Ukisugua utaupata weupe zaidi. Na lile anga la manjano? Huenda vanishi imezeeka juu yake, huenda pia buluu yenyewe imefifia. Buluu ya Prussia ikichanganywa na nyeupe nyingi, kama walivyofanya kwa anga, hupotea kwa mwanga.

Lakini cha kuogofya kuliko vyote ni hiki. Rangi iliyochanganywa na utomvu huyeyuka kwa dawa ile ile inayoyeyusha vanishi, kwa kuwa zimetokana na kitu kimoja. Pamba inatoka na kahawia, nawe huwezi kusema kwa macho kama hiyo ni vanishi iliyozeeka au ni kivuli ambacho mchoraji alikipaka kwa makusudi chini ya kidevu. Wahifadhi wenye maabara nzima nyuma yao huogopa picha za Reynolds. Wewe una kiazi, na kuna wenye ujasiri zaidi ambao wakishaona kiazi hakitoshi huchukua spiriti au asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Hao mchezo wao ni wa dakika moja.

Na ikiwa juu ya bwana huyo imepakwa sandarusi? Hapa pwani yetu inaingia katika hadithi, na haiingii kwa kulazimishwa. Sandarusi, utomvu wa miti uliochimbwa ardhini huko Mrima, ukapita forodha ya Unguja, ilikuwa na sifa katika masoko ya Ulaya na Salem kule Marekani kwa ugumu wake. Karne ya 19 ilipikwa kwa mafuta ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani, na vanishi za jamii hiyo zilifika mpaka kwenye picha. Ikishakomaa, dawa inayoweza kuilainisha hulainisha na rangi iliyo chini yake. Mara nyingine uamuzi wa busara ni kuiacha. Kupeleka kiazi mbele ya sandarusi ni kwenda kukata mnazi kwa kijiko.

Nitoe mfano ambao kila mmoja anaweza kuutazama. Katika National Gallery ya London ipo picha ya Thomas Gainsborough ya mwaka 1750 au karibu na hapo: Robert Andrews, bwana wa mashamba, bunduki kwapani, mbwa pembeni, mke wake Frances ameketi kwenye benchi chini ya mwaloni, na kulia kwao mashamba yao ya karibu na Sudbury, ngano imefungwa matita. Jumba liliinunua mwaka 1960, baada ya familia yenyewe kuiuza mnadani. Tazameni mapaja ya Bi Frances, juu ya gauni la buluu. Kuna eneo la kahawia lisiloeleweka, kama mtu amemwaga chai. Si doa. Gainsborough hakulimalizia, alikusudia pawe na kitu hapo, watu wanabishana kama ni ndege aliyewindwa au ni mtoto, na kitu hicho hakikuja. Kinachoonekana ni msingi wa picha ulioachwa wazi. Mkabidhi mtu wa kiazi picha hiyo bila kumweleza chochote, na hapo ndipo atakapoanzia kusugua.

Msidhani wataalamu hawajawahi kugombana juu ya haya. Mwaka 1846 jumba hilo hilo lilishambuliwa magazetini kwa kusafisha picha zake, na mwaka 1853 Bunge likaunda kamati ya kuchunguza jumba zima, usafishaji ukiwemo. Wapo waliokuwa wamezoea kahawia kiasi kwamba waliiona ndiyo picha yenyewe; walipoona anga la buluu wakadhani limeharibiwa. Mimi si wa kambi hiyo. Vanishi iliyogeuka rangi ya chai mara nyingi inapaswa kutoka. Ila itolewe na anayejua wapi inaishia.

Wale mnaouliza kuhusu mkono kuingia kizibaoni, kwamba eti mabwana waliuficha kwa kuwa wachoraji walitoza kwa kila kiungo: hapana. Reynolds alitoza kwa ukubwa wa turubai. Mwaka 1764 kichwa kilikuwa gini 30, nusu mwili gini 70, mwili mzima gini 150. Mkono kifuani ulikuwa mkao wa mtu aliyelelewa, na François Nivelon aliufundisha katika kitabu chake cha adabu cha mwaka 1737. Tuendelee.

Ufanye nini basi? Haraka haraka. Piga picha mbele na nyuma, mchana, bila mweko. Zima taa, shika tochi pembeni karibu na ukuta, mwanga upite juu ya picha kwa mlalo: utaona kama rangi imeinuka. Ikiwa imeinuka, iteremshe, ilaze chali juu ya meza safi, usiifute hata kwa pumzi, tafuta mhifadhi. Ikiwa imetulia, vumbi liondoe kwa brashi pana ya manyoya laini, isiyo na maji, kuanzia juu kwenda chini, basi. Usitumie kitambaa, nyuzi zake hunasa kwenye rangi. Mgongoni usigonge msumari wala usibandue karatasi wala lebo, huenda lebo hiyo ndiyo itakayokutajia bwana wako ni nani.

Usiitundike juu ya meko, jikoni, karibu na bafu, wala palipo na jua la moja kwa moja. Unyevu wa hewa ukikaa karibu asilimia 50 bila kuyumba, picha inapumzika. Kuyumba ndiko kunakoiua. Walio Dar na Mombasa, afadhali chumba chenye hewa inayozunguka kuliko chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi. Ukiona kuvu, itenge na picha nyingine, usiifute ikiwa mbichi.

Uingereza kuna taasisi ya wahifadhi, Icon, yenye orodha ya waliothibitishwa, anzia hapo. Muulize mhifadhi atafanya majaribio wapi, ukubwa gani, na kwa dawa gani. Akuangalizie picha kwa mwanga wa urujuanimno: vanishi ya utomvu itang'aa kijani, na palipopakwa rangi baadaye patabaki peusi. Dai ripoti ya maandishi na picha za kabla na baada. Vanishi mpya iwe ya aina inayoweza kuondolewa. Anayekupa bei bila kuiona picha, mwage. Na jiandae kusikia kwamba gharama itazidi thamani. Picha ya bwana asiyejulikana, ya mchoraji asiyejulikana, haimtajirishi mtu. Ukitaka kuiuza, iuze ilivyo. Wanunuzi wanaojua hupendelea uchafu wa asili kuliko usafi wa nyumbani. Ukitaka kuiacha ikae na weusi wake, nayo ni njia, haina ubaya wowote.

Na fremu, maana najua swali linalofuata: usiioshe. Dhahabu ya fremu za wakati ule ni karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, mara nyingi imebandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, na kitambaa chenye unyevu huing'oa kwa mfuto mmoja mpaka udongo mwekundu wa chini utokeze. Brashi ile ile kavu itatosha.